Silaha za Thamani na Busara ya Wakuu

Palikuwa na mtu mmoja mwenye mali aliyeogopa wezi. Alikwenda mjini akanunua kufuli zito kuliko makufuli yote yaliyokuwa dukani, akalitundika mlangoni pake, akalala usingizi wa raha. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao zilizoliwa na mchwa, na bawaba zake zilikuwa zimeshika kutu. Mkewe alikuwa amemwambia hivyo mara mbili, lakini mtu aliyekwisha kutumia fedha nyingi hapendi kuambiwa kwamba kazi bado. Usiku mwizi alikuja. Hakuligusa kufuli, aliung'oa mlango upande wa bawaba, akaingia, akachukua alichotaka. Asubuhi majirani walilikuta kufuli limefungwa vile vile, zima, linang'aa, likilinda nyumba isiyo na kitu.

Mataifa nayo yana makufuli yao. Kila mwaka serikali za dunia hununua manowari, ndege za vita, vifaru na mizinga kwa fedha ambazo akili ya mtu wa kawaida haiwezi kuzihesabu. Basi yafaa tuulize: Je, taifa hulindwa na thamani ya silaha zake, au hulindwa na busara ya wale wanaozichagua na kuziamuru? Na kama busara ni jambo kubwa, hupatikanaje, na hupoteaje?

Swali hili ni la maadili kama lilivyo la vita. Mfanyabiashara akikosea katika ununuzi, hasara humrudia mwenyewe. Mkulima akipanda mbegu mbovu, njaa huingia nyumbani kwake kwanza. Lakini mkuu wa ulinzi hutumia mali isiyokuwa yake na huhatarisha maisha yasiyokuwa yake. Fedha anazotumia zilitoka katika kodi ya sukari, sabuni na mafuta ya taa, na walizitoa watu ambao yamkini hawatamwona uso maishani mwao. Shilingi moja haiwezi kununua risasi na dawa kwa wakati mmoja. Dwight Eisenhower alikuwa jemadari aliyeyaongoza majeshi makubwa huko Ulaya katika vita vya pili vya dunia, kisha akawa Rais wa Marekani. Mwaka 1953 mtu huyu, ambaye hapana awezaye kumwita mwoga, aliwakumbusha wahariri wa magazeti wa nchi yake kwamba gharama ya silaha hatimaye hutolewa katika kinywa cha mwenye njaa na katika mgongo wa asiye na nguo. Kwa hiyo mwenye kuamua juu ya silaha ana deni kwa watu wengi, na deni hilo hulipwa kwa maamuzi mema tu.

Na tuanze na kisa cha merikebu. Katika mwaka 1626 mafundi wa mji wa Stockholm, nchini Uswidi, walianza kuunda merikebu ya vita iliyoitwa Vasa. Mfalme Gustav II Adolf alikuwa vitani akipigana na Poland, naye alitaka merikebu itakayowatisha adui zake kwa kuonekana tu. Iliwekewa sitaha mbili za mizinga, moja juu ya nyingine, na mizinga 64. Ikapambwa kwa mamia ya sanamu za kuchonga zilizotiwa rangi. Barua za Mfalme zilikuja kuhimiza kazi. Fundi mkuu, Henrik Hybertsson, aliugua akafa mwaka 1627, kazi ikaendelea mikononi mwa wengine.

Merikebu ilipokaribia kuwa tayari, ilifanyiwa jaribio. Watu 30 waliamriwa kukimbia pamoja juu ya sitaha kutoka ubavu mmoja hata ubavu wa pili, kisha warudi. Walipokwenda mara tatu, merikebu iliyumba kwa namna ya kutisha. Ilikuwa nzito mno juu, na farumi iliyokuwa chini haikutosha kuituliza. Amiri Klas Fleming alikuwapo akaona kwa macho yake. Aliamuru jaribio likome, kwa hofu ya merikebu kupinduka pale pale gatini. Lakini hakuamuru safari ikome. Tarehe 10 Agosti 1628, mbele ya umati wa watu waliokuja kushangilia, Vasa ilitweka matanga. Ilikwenda mwendo wa mita 1,300 hivi. Upepo mmoja uliilaza kidogo, ikainuka. Upepo wa pili uliilaza zaidi, maji yakaingia katika matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama karibu na pwani ya mji wake yenyewe. Watu wapatao 30 walikufa. Adui hakuwa amepiga hata risasi moja.

Baraza la uchunguzi liliketi. Kila aliyeulizwa alijibu kwamba alifanya kama alivyoamriwa. Vipimo vilikuwa vimekubaliwa na Mfalme, na fundi aliyeanza kazi alikuwa kaburini. Hakuna aliyetiwa hatiani. Merikebu hiyo iliopolewa mwaka 1961, baada ya miaka 333 chini ya maji, na leo imo katika nyumba ya makumbusho huko Stockholm. Watu huitazama na kustaajabia uzuri wake.

Ni nini kilichoizamisha Vasa? Wengine watasema ni upepo, na wengine watasema ni uchache wa farumi. Mimi nasema kwamba ilizamishwa na kimya. Ukweli ulikwisha kujulikana gatini, na watu 30 waliukanyaga kwa miguu yao. Lakini kati ya ukweli ule na Mfalme palikuwa na ngazi ndefu, na katika kila kipandio cha ngazi ile alisimama mtu aliyeona ni salama zaidi kunyamaza. Kila mmoja aliokoa cheo chake, na pamoja walipoteza merikebu na roho za watu.

Msomaji aweza kudhani kwamba haya ni mambo ya kale, ya nyakati ambapo wafalme waliogopwa kuliko ilivyo sasa. Hebu basi tutazame Ufaransa, nchi yenye bunge, magazeti na vyuo vikuu. Katika vita vya 1914 hata 1918 Ufaransa ilipoteza askari zaidi ya 1,300,000. Hapakuwa na kijiji kisicholia. Wakuu wake walikata shauri kwamba jambo kama lile lisitokee tena, na mwaka 1930 bunge liliidhinisha karibu faranga milioni 2,900 kwa ujenzi wa safu ya ngome katika mpaka wa Ujerumani. Safu hiyo iliitwa kwa jina la André Maginot, aliyekuwa waziri wa vita. Chini ya ardhi mlikuwa na reli ndogo, mitambo ya umeme, majiko, hospitali na mashine za kuvuta hewa safi. Haikuwa kazi ya wapumbavu, na tusiicheke. Ilijengwa na watu waliowapenda watoto wao wakataka wasife.

Kosa lilikuwa penginepo. Ngome zile zilikoma karibu na misitu na vilima vya Ardennes, na wakuu waliamini kwamba jeshi kubwa lenye magari haliwezi kupita huko upesi. Mwaka 1938 Jenerali Prételat alifanya zoezi la vita juu ya ramani. Zoezi lilionyesha kuwa Wajerumani waweza kuupita msitu ule na kufika mto Meuse kwa muda wa saa 60. Jenerali Gamelin, mkuu wa majeshi, aliliona zoezi hilo kuwa la kutazamia mabaya kupita kiasi, na matokeo yake hayakutangazwa. Angalia, msomaji, jinsi kisa kinavyojirudia: watu wamekimbia juu ya sitaha, merikebu imeyumba, na jaribio limefichwa.

Tarehe 10 Mei 1940 Wajerumani walishambulia. Walipita Ardennes, na tarehe 13 Mei waliuvuka mto Meuse huko Sedan. Vifaru vya Ufaransa havikuwa vichache kuliko vya Wajerumani, na baadhi yake vilikuwa na chuma kinene zaidi. Lakini vingi vilitawanywa katika vikosi vya askari wa miguu kama chumvi katika chakula, ingawa afisa mmoja aliyeitwa Charles de Gaulle alikuwa ameandika kitabu mwaka 1934 akishauri vikusanywe pamoja. Vingi havikuwa na simu ya upepo. Hata makao ya Gamelin mwenyewe, katika ngome ya Vincennes, hayakuwa na mtambo wa simu ya upepo, na amri zake zilichelewa hata zikawa amri za vita vya jana. Tarehe 22 Juni Ufaransa ilitia sahihi mkataba wa kusimamisha vita. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufaransa ilijenga ukuta wa ajabu, ikaacha ufa.

Kisa cha tatu kiko karibu na nyumbani. Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walileta kwa bahari jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi ili kuuteka mji wa Tanga, uliokuwa chini ya Wajerumani. Walinzi wa mji, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Kwa hesabu ya silaha na watu, shauri lilikuwa limekwisha kabla halijaanza. Lakini Jenerali Aitken, mkuu wa msafara, alimdharau adui asiyemjua katika nchi asiyoijua. Hakupeleleza mji vya kutosha. Askari wake walikuwa wamechoka kwa safari ndefu ya bahari, na wengi hawakuwa na mazoezi ya kutosha. Kabla ya kushuka, nahodha wa manowari alitangulia kuwapa wenye mji habari, akawataka wajitoe; nao Wajerumani waliitumia nafasi ile kuleta askari kwa reli kutoka Moshi.

Vita vilipokolea tarehe 4 Novemba, msituni na mashambani nje ya mji, hata nyuki waliochokozwa waliwashambulia wapiganaji. Watu wamependa kukisimulia kisa cha nyuki, kwa kuwa kinachekesha na kwa kuwa kinawaokoa wakuu na lawama. Lakini nyuki hawakuandika mpango wa vita. Kesho yake jeshi kubwa lilirudi merikebuni, likaacha pwani mamia ya bunduki, mizinga ya bombomu na mamia ya maelfu ya risasi. Silaha zilizonunuliwa kwa fedha ya Waingereza zilikuwa silaha za adui wao jioni ile ile. Mdharau biu hubiuka.

Na ni nani aliyelipa? Vita vya Afrika Mashariki viliendelea hata Novemba 1918. Katika miaka ile wapagazi Waafrika, makumi ya maelfu, walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, wakibeba mizigo ya majeshi ambayo hawakuyaita. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam hubeba hata leo jina la kikosi chao. Katika meza ambapo maamuzi yalifanywa hapakuwa na kiti cha mpagazi hata mmoja. Hii ndiyo sababu nimesema kwamba swali letu ni la maadili: makosa ya wakubwa hubebwa vichwani na wadogo.

Sasa mtu aweza kuinuka akasema, "Kama silaha ghali huzama, na ngome huzungukwa, na bunduki huachwa pwani, basi na tuache kununua silaha kabisa." Hoja hii si ya mzaha. Nchi ya Costa Rica, iliyopo Amerika ya Kati, ilifuta jeshi lake mwaka 1948 ikaandika jambo hilo katika katiba yake ya mwaka 1949, nayo inaishi hata leo. Lakini si kila nchi ina majirani na bahati kama yake. Afrika yenyewe ina jibu lingine. Mfalme Menelik II wa Ethiopia alinunua bunduki kwa miaka mingi kutoka Ulaya, na nyingine zilitoka kwa Waitalia wenyewe kabla hawajagombana. Tarehe 1 Machi 1896, huko Adowa, bunduki zile ziliilinda nchi yake isitawaliwe. Lau Menelik angekuwa na hekima bila bunduki, angeshindwa. Na lau angekuwa na bunduki bila hekima ya kuwaunganisha wakuu wa majimbo yake na kungoja wakati ufaao, angeshindwa vile vile. Silaha ni mkono, na busara ni jicho. Asiye na mkono hawezi kupiga, na asiye na jicho hupiga nduguye.

Upande wa pili wa vita vya Adowa una fundisho jingine, na ni gumu zaidi. Jenerali Baratieri, mkuu wa Waitalia, hakuwa mtu asiyeuliza. Chakula cha jeshi lake kilikuwa kinakwisha, naye alifikiri kurudi nyuma. Aliwaita majenerali wake wanne akataka shauri lao. Wote walimshauri apigane. Serikali ya Roma nayo ilikuwa imekwisha mchoma kwa maneno makali ya simu. Basi alikwenda vitani akashindwa vibaya. Hapo twaona kwamba kukusanya washauri peke yake hakutoshi. Baraza ambalo kila aliye ndani yake anaogopa kuitwa mwoga haliwezi kutoa shauri, hutoa mwangwi. Mkuu mwenye busara huuliza, kisha huhakikisha kwamba anayejibu "hapana" ataondoka na heshima sawa na anayejibu "ndiyo".

Mwingine atasema, "Jeshi ni utii. Kila askari akianza kubishana, adui atatukuta katika mjadala." Ni kweli, na atakayelikana neno hili hajui vita. Lakini kila jambo lina saa yake. Iko saa ya kupima na iko saa ya kutii. Fundi akiona ubao umeoza gatini akanyamaza, hajatii, amesaliti. Baharia akianza kubishana katikati ya dhoruba, hajawa jasiri, amekuwa hatari. Wakuu wabaya huichukua heshima iliyo haki ya saa ya dhoruba wakaidai hata gatini, ambapo wangepaswa kusikiliza. Tumezoea kusema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali njema. Lakini visa tulivyosoma vyaongeza kwamba mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya wengi.

Iko hoja ya tatu, nayo ni ya siri. Husemwa kuwa mambo ya ulinzi hayapaswi kujulikana. Bila shaka hapana taifa linalomwonyesha adui mahali mizinga yake ilipo. Walakini lazima tutofautishe siri na giza. Siri humficha adui habari inayoweza kumsaidia. Giza humficha mwananchi habari inayoweza kumwaibisha mkuu. Mahali penye giza mpumbavu na mwizi hukaa pamoja, na mtu wa nje hawezi kuwatenganisha, kwa sababu ndege mbovu iliyonunuliwa kwa ujinga na ndege mbovu iliyonunuliwa kwa rushwa huanguka kwa namna moja. Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 238, imeuweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge, na katika kifungu cha 239 imeviweka vyombo vya usalama chini ya mamlaka ya kiraia. Maneno haya ni mema; lakini karatasi haiulizi maswali. Wanaouliza ni watu, na watu wakichoka kuuliza, kifungu hulala.

Basi, je, jibu la swali letu ni nini? Fedha yaweza kununua chuma, baruti na mafuta. Haiwezi kumnunulia mkuu sikio. Taifa lenye silaha kiasi na wakuu wanaosikia ukweli huweza kuzitumia silaha zake mahali palipo na hatari. Taifa lenye silaha nyingi na wakuu wanaosikia sifa tu hulinda mahali palipo na fahari. Kwa hiyo katika hesabu ya ulinzi sharti tuandike, karibu na bei ya kila manowari na kila kifaru, swali hili: Ni nani aliyeruhusiwa kusema kwamba hakifai, na aliposema alitendewa nini?

Vijana mnaosoma ukurasa huu, wachache wenu mtakuwa majenerali. Lakini wengi mtakuwa na mamlaka ya namna fulani: juu ya darasa, duka, hospitali, shamba la ushirika au nyumba. Siku moja mtaununua mzinga wenu, yaani mtafanya jambo la gharama kubwa mbele ya macho ya watu, na mtu mdogo atakuja kwa woga kuwaambia kwamba merikebu inayumba. Moyo wenu utataka kumnyamazisha, kwa kuwa fedha imekwisha tumika na wageni wamekwisha alikwa. Mkumbukeni Amiri Fleming gatini. Na siku nyingine ninyi ndio mtakaokuwa mtu mdogo yule, miguu ingali inasikia sitaha ikilala chini yake, na mbele yenu amesimama mkuu mwenye haraka. Neno lenu litakuwa zito ulimi mwenu, na huenda likawagharimu. Semeni kwa adabu, lakini semeni ingali gatini.